Njia Iliyopita Uani kwa Mama

Nafundisha historia katika shule moja ya sekondari Tororo, na kila mwaka, tukifika vita vya Ulaya vya 1914, najua swali litakalokuja. Tunasoma jinsi Ujerumani ilivyotaka kuifikia Ufaransa haraka, na jinsi Ubelgiji, nchi ndogo iliyokwisha kusema haina upande, ilivyokuwa katikati ya njia. Ujerumani ikaomba ipite tu. Ikaahidi kuondoka vita vikiisha na kulipia kitakachoharibika. Ubelgiji ikakataa, ikavamiwa. Hapo mwanafunzi mmoja huinua mkono na kuuliza kwa nini hawakuwaacha wapite, si ingekuwa nafuu kwa kila mtu.

Zamani nilikuwa nalijibu swali hilo upesi na kuendelea na somo. Nilikuwa na majibu ya kitabu: heshima ya taifa, mkataba, mizani ya nguvu. Siku hizi huwa nafuta ubao kwanza, hata kama hauna kitu, kwa sababu naona ua wa mama yangu kule Busia. Wanafunzi hudhani natafakari. Ukweli ni kwamba nimekasirika, na sipendi watoto wa watu wanione nimekasirikia Wajerumani wa zamani kiasi hicho.

Nieleze kwanza jinsi ua huo ulivyokaa. Majina nitayaacha. Kwetu ukitaja jina moja umetaja ukoo mzima, na ukoo wetu umeshasemwa vya kutosha sokoni.

Nyumba ya mama iko Busia upande wa Uganda, karibu na mpaka kiasi kwamba ukitoka kununua mkate unaweza kurudishiwa chenji ya nchi nyingine. Mbele inatazama barabara ya mtaa inayokwenda kuingia barabara kuu. Nyuma yake kuna kiwanja cha baba mdogo, yaani mdogo wa marehemu baba yangu, mtu wa malori. Ubavuni kuna ghala la mjomba, kaka yake mama, anayenunua mahindi na simsim kwa wakulima wa Buhehe, Masinya na Masaba. Kando ya ghala hilo kulikuwa na kichochoro kipana, na malori ya baba mdogo yalitokea hapo kwenda barabarani. Ua wa mama, ulio kati ya nyumba na ghala, ndio uliokuwa umebanwa kati ya wanaume hao wawili. Ulikuwa na matuta ya mboga ya sukuma wiki, mpapai mmoja, jiko la nje, na nafasi ya kutandika mikeka watu wakiwa wengi.

Na watu walikuwa wengi mara kwa mara. Mama ni Msamia kwa kabila, amezaliwa Mkristo huko Masaba, akasilimu alipoolewa na baba. Ukoo wa baba ni Waislamu wa mjini, wafanyabiashara waliotoka huku na huku mpaka wenyewe hawakumbuki vizuri walitoka wapi. Kwa hiyo mjomba ni damu yake na baba mdogo ni ndoa yake. Harusi za pande zote mbili zilichezwa uani kwake, na misiba ya pande zote mbili watu waliilalia hapo hapo. Nimekua nikiona wanakwaya na wapiga dufu wakiulizana nani aanze.

Baba alipofariki, wazee walikaa ili mjane asije akasumbuliwa. Kiwanja kilipimwa kwa kamba mbele ya watu. Baba mdogo alishika ncha moja, mjomba akashika ya pili, wakapanda pamoja ile mimea ya mpaka yenye majani marefu membamba. Huku kwetu mimea hiyo haing'olewi hovyo. Watu wataibiana kuku na hata baiskeli, lakini hiyo wataipita pembeni. Wanaume wale wawili walisema kwa vinywa vyao kwamba atakayeugusa ua wa mama atakuwa amewagusa wao. Nilikuwepo, nimesimama nyuma ya mama, na niliwapenda sana siku hiyo.

Ugomvi wao ulianza na lori moja la mahindi. Mjomba aliyanunua, baba mdogo akayabeba, na upande wa Kenya wakayapima wakayakataa: yana unyevu, yameshaanza kuota ukungu. Lori likarudi na mzigo wake. Mjomba akasema turubai la baba mdogo lilikuwa na matundu na mvua iliingia njiani. Baba mdogo akasema mahindi yalipakiwa kabla hayajakauka kwa sababu mjomba ana pupa. Mimi naamini wote wawili walisema kweli. Turubai lile nililiona, lilifaa kuchujia tui. Mahindi nayo niliyashika, yalikuwa laini kama ya kuchoma.

Watu wengine wangegombana, wakachoka, wakarudi kazini. Hawa hawakuchoka. Mjomba aliziba kichochoro kwa mawe na magogo akisema ni ardhi ya ghala lake, jambo ambalo lilikuwa kweli. Malori ya baba mdogo yakabaki ndani kama kuku waliofungiwa. Ukisimama katika kiwanja chake na kutazama barabara, kitu pekee kilichokuzuia kilikuwa sukuma za mama.

Mama alijitangaza mapema. Alimwita kila mmoja kwa wakati wake, akamwekea chai, akamwambia maneno yale yale.

"Mimi hapana ingia kwa hii maneno yenu. Mkigombana, mnagombana huko. Hapa kwangu mtu nakuja kunywa chai, namaliza, nakwenda."

Kiswahili cha mama ni cha sokoni, hajali ngeli hata kidogo, na hajawahi kukosa kueleweka. Wote wawili waliitikia, wakamsifu kwa hekima yake. Nadhani kila mmoja alitoka pale akiamini kwamba kimoyomoyo mama yuko upande wake.

Ramadhani ilipoingia nilikuwa likizo, nikaona jinsi kutokuwa na upande kunavyochosha. Futari ikiiva, zilitoka sahani mbili, moja kwa baba mdogo, moja kwa mjomba ambaye hata hafungi. Mama alizilinganisha kwa macho, akahamisha sambusa moja kutoka huku kwenda kule, akairudisha tena. Akipeleka uji kwa mmoja, alipeleka uji kwa mwingine kwa jagi lenye ukubwa ule ule. Kama alicheka na mke wa baba mdogo dirishani asubuhi, jioni alikwenda kucheka na mke wa mjomba, hata kama hakuna cha kuchekesha.

"Mama, unapima kama muuza dawa," nikamtania.

"Nyamaza wewe. Sambusa moja naweza leta vita."

Siku moja alasiri baba mdogo alikuja na sukari mkononi. Nilikuwa jikoni nachambua mchele, nikasikia kila neno. Yeye ni mtu wa adabu, sauti yake haipandi. Alimuuliza mama hali, akamuuliza mguu wake, akauliza mpaka kuku. Kisha akasema:

"Shemeji, naomba nipite tu. Magari yangu yamefungwa, madereva wanakaa bure. Nitakata pale kwenye sukuma nitokee mbele. Ni kwa muda, mpaka huyu kaka yako apate akili. Kitakachoharibika nitakitengeneza mwenyewe."

"Nikikupa njia, nimepiga kaka yangu kofi kwa mkono yako."

"Na ukininyima je?"

"Nikikunyima, hapana kitu yako nimechukua. Njia yako iko kule. Nenda sema na mwenye kufunga."

Mchele ulinitoka mikononi. Nilikuwa nimefundisha maneno hayo ya kuomba kupita tu mwaka baada ya mwaka, karibu neno kwa neno, na sikuwahi kudhani yanaweza kusemwa na mtu aliyebeba sukari. Lakini nitasema pia nilichofanya alipoondoka. Nilitoka jikoni nikamwambia mama ampe tu hiyo njia. Ni malori, yatapita, yataacha moshi, mambo yataisha. Mama alinitazama kuanzia miguuni kwenda juu.

"Na wewe ndiyo watu wanakupa watoto yao ufundishe?"

Siku ya pili yake sahani ya futari ilirudi kutoka kwa baba mdogo imeoshwa vizuri, na haina kitu. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Utaweka chochote, hata limau moja, hata chumvi kidogo kwenye karatasi, ili kusema bado tupo pamoja. Mama aliishika sahani ile, akaigeuza, akaitazama nyuma kana kwamba kitu kimebandikwa huko.

"Watoto wa siku hizi," akasema. "Hapana funzwa." Akaiweka kabatini.

Mpaka leo nalifikiria kosa hilo. Lilikuwa kosa la mtu aliyelelewa vizuri. Hakuweza kuamini kwamba mtu mzima, aliyeshika kamba ya mpaka wake mbele ya watu, angeamua kurudisha sahani tupu. Kwa hiyo akawasingizia watoto. Angeisoma sahani ile kama ilivyotaka kusomwa, labda angeita wazee mapema. Lakini kumdhania shemeji yake ubaya kulimpa mama aibu kubwa kuliko ubaya wenyewe.

Idd ikapita. Kisha shangazi mmoja wa mama akafariki Buhehe, tukaenda kuzika, mama, mimi, mjomba na watu wa mjomba wote. Huku siku ya maziko mtu hagusi jembe, seuze tingatinga. Baba mdogo alituma rambirambi na salamu kwamba kifua kinamsumbua. Mama aliguswa sana. Njiani alisema hata kama shemeji yake amegombana na mjomba, ona, amekumbuka msiba wetu.

Tulirudi jua likiwa limeanza kupungua makali. Kutoka barabarani niliona mwanga mahali ambapo hapakuwahi kuwa na mwanga. Uzio wa mbele ulikuwa umeondolewa. Matuta ya sukuma yalikuwa yamesawazishwa na changarawe imemwagwa juu yake na kushindiliwa. Mpapai ulikuwa umelala kando. Mimea ya mpaka iling'olewa yote na kupangwa pembeni vizuri kwa fungu moja, mizizi ikiangalia upande mmoja, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Aliyefanya kazi hiyo alikuwa na nafasi ya kutosha na hakuwa na hofu. Tukiwa bado tumesimama, lori likatoka nyuma likapita mbele yetu, na dereva, kijana anayemfahamu mama tangu akiwa mtoto, akatazama mbele tu.

Nilikasirika. Nilitaka kwenda kwa baba mdogo wakati huo huo, na nilijua maneno niliyotaka kumwambia, ambayo si ya kuandikwa. Mama alinishika mkono. Alikuwa bado na kanga za msibani. Aliliendea lile fungu la mimea, akainama akagusa mizizi kama kuna unyevu bado.

"Yeye mwenyewe ndiyo alipanda," akasema. Alirudia hivyo mpaka tukalala.

Asubuhi mjomba akaja na wapagazi wake. Nilifurahi kumwona, niseme ukweli. Nilidhani amekuja kusimama na dada yake.

"Dada, usiogope. Mimi niko. Nimekuja kukulinda."

"Nani amekuita?"

"Mimi kaka yako, mpaka uniite?"

Akaweka magogo kwenye changarawe. Akaleta mlinzi na mbwa, akawakalisha barazani kwa mama. Kisha, kwa kuwa mlinzi yupo na mahali pana usalama, akaona si vibaya kuleta magunia machache yakae kwenye jiko la nje. Machache yakawa mengi, jiko likawa ghala, mama akaanza kupikia ndani na kukohoa. Mlinzi alitumia kuni za mama, choo cha mama, na kikombe alichokipenda mama. Mbwa alikula vifaranga. Jioni moja nilimkuta mama anamwomba mlinzi amshike mbwa ili yeye apite kwenda kuoga, kwake, kwenye bafu alilojengewa na baba.

Watu wa baba mdogo waliyaondoa magogo, watu wa mjomba wakayarudisha. Wakatukanana, wakarushiana mawe, na mawe hayo hayakuanguka kwa baba mdogo wala kwa mjomba. Yalianguka juu ya bati la mama. Kila upande ulimlaumu mwenzake kwa matundu hayo, na kila upande ulikuja kumpa mama pole.

Muhula ulipofunguliwa nilirudi Tororo nikafundisha kitu ambacho nilikuwa nakiruka. Niliwaambia wanafunzi kwamba mwaka 1940, katika vita vya pili, kisiwa cha Aisilandi nacho ilikuwa imesema haina upande, na aliyeivamia hakuwa Ujerumani. Alikuwa Uingereza, akisema anawahi kabla ya Mjerumani, na kwamba ni kwa usalama wa wenyeji. Darasa halikupenda. Walishazoea kwamba katika somo hilo Mwingereza ndiye mwokozi. Msichana mmoja aliuliza ni nani basi aliyekuwa mbaya. Nikamwambia aandike tarehe.

Nilikwenda pia kwa mwenyekiti wa mtaa. Alinisikiliza vizuri, akaniagizia soda. Akasema hayo ni mambo ya familia, heri yamalizwe nyumbani, na kwamba yeye anawaheshimu wazee wote wawili na hawezi kuonekana ameegemea mmoja wao.

"Sijakuuliza juu ya wazee wawili," nikamwambia. "Nimekuuliza juu ya mama."

"Mwalimu, mimi sina upande."

Niliiacha soda yake mezani bila kuinywa, na kwetu hilo ni tusi, nilitaka liwe tusi.

Kila Jumamosi nilikwenda Busia, na kila Jumamosi nilimwomba mama aje tuishi Tororo. Nina nyumba ndogo ya walimu, ina chumba cha ziada, ina hewa. Alikuwa amekonda. Vumbi la malori lilimwingia kifuani, na honi zilimkatiza sala. Nilianza kuogopa kwamba nitampoteza kwa sababu ya lori, au jiwe, au hasira tu. Kila mara alinijibu, "Ngoja kwanza." Alikuwa anaomba Mungu wale wawili wapatane. Aliamini kwamba siku watakayopatana, ua utarudi wenyewe, kama maji yanavyorudi mtoni mvua ikikatika.

Wakapatana. Haikuwa kazi ya mwenyekiti wala yangu. Mavuno yalikuwa mazuri, mahindi yamekauka sawasawa, wanunuzi wa upande wa Kenya wanangoja, na mjomba hakupata mtu mwingine mwenye malori ya kutosha. Baba mdogo naye alikuwa na malori na hana mzigo. Sheikh wa mtaa akaongea na mmoja, katekista akaongea na mwingine, na kabla mwezi haujaisha tukaitwa kwenye sulhu.

Ilifanyika katika kiwanja cha baba mdogo. Mbuzi alichinjwa na Mwislamu ili wote tule. Walisimama mbele ya watu wakashikana mikono, kisha wakakumbatiana. Mjomba akalia, baba mdogo akamfuta machozi kwa leso yake mwenyewe. Wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nikapiga, maana ilikuwa furaha kweli. Watu hawa wamenilea wote wawili.

Kisha baba mdogo akasimama kueleza walivyokubaliana. Mzigo utapakiwa hivi, turubai litanunuliwa jipya, mahindi yatapimwa na wote wawili kabla ya safari. Kuhusu njia, akasema, wameona ile ya uani kwa shemeji ni fupi na inafaa pande zote. Lori likisimama pale, mlango wa pembeni wa ghala uko karibu, wapagazi hawachoki. Kichochoro kitakuwa stoo. Watu wakaitikia kwa vichwa. Ilisikika ni jambo la maana kabisa, na aliyekuwa hajui asingeona kasoro.

Nilimtazama mama. Alikuwa amekaa mkekani na wanawake, mikono mapajani. Sheikh alimgeukia kwa upole, akasema kwamba kwa kuwa yeye ndiye kiungo cha koo hizi mbili, na kila mtu anajua alivyoomba kwa ajili ya siku hii, afunge yeye kwa neno.

Mama alisimama kwa shida, nikamshika kiwiko.

"Nimefurahi mmepatana," akasema. "Niliomba Mungu kila siku. Sasa nauliza kitu moja tu. Kati yenu, nani aligombana na mimi?"

Akamgeukia baba mdogo.

"Shemeji, ni wewe?"

"Astaghafiru, shemeji. Mimi na wewe hatujawahi."

"Kaka, ni wewe?"

"Dada, mimi naweza gombana na wewe kwa nini?"

"Basi hii sulhu si yangu. Mimi sikuwa kwa vita. Mimi nataka ua yangu."

Mtu alikohoa. Katekista alichungulia sufuria. Baba mdogo alitazama viatu vyake, na nilimwona ameona haya, kweli kweli, lakini haya yake haikuwa kubwa kama njia ile.

"Tutaliangalia hilo, shemeji," akasema.

Hilo "tutaliangalia" nalijua, nafundisha mikataba. Pilau ikaletwa, watu wakala kwa haraka kuliko kawaida.

Tulirudi nyumbani tukipita kwenye changarawe. Mlinzi na mbwa walikuwa wameondolewa, nikashukuru kwa hilo. Nilitoa begi la mama chini ya kitanda nikaanza kulipanga bila kumuuliza: gauni, kanga, msala, dawa za kifua. Nilimwambia sasa kila kitu kiko wazi. Alichokingoja kimekuja, na ua haukurudi. Hapa hapakaliki. Twende Tororo, usiku alale, asubuhi aamke, asali bila honi. Nilikuwa nalia huku naongea, na nilikuwa na hasira naye pia, hasira ya kumwona mtu unayempenda akikaa njiani na kukataa kusogea.

Mama alinyoosha mkono akatoa kanga moja begini, akaikunja upya, akairudisha kabatini.

"Nikienda," akasema, "hii nakuwa barabara. Nikikaa, ni uani kwa mtu, watu wanapita."

Alitoa na nyingine. Nilikaa kitandani nikamtazama akilimaliza begi lote.

Asubuhi nilimkuta ameamka mapema, amefua. Alikuwa amefunga kamba kutoka nguzo ya jiko mpaka kwenye nondo ya dirisha la ghala la mjomba, ikivuka changarawe kwa upana wake wote, na alikuwa anaanika mashuka. Mashuka yote ya nyumba, pamoja na yale ya wageni ambayo hayakuwa machafu. Lori la kwanza lilitokea nyuma, limejaa magunia ya mjomba. Likasimama mbele ya mashuka na kupiga honi.

Mama akachukua shuka jingine kwenye beseni, akalikamua.

Honi ikapigwa tena, ndefu. Majirani wakatoka. Mke wa mjomba alichungulia dirishani, na kule nyuma nilimwona baba mdogo amesimama mlangoni kwake na msuaki mdomoni. Nilishuka barazani nikaenda kusimama karibu na mama. Niliogopa. Mashuka ni nguo tu, na lori lile lilikuwa limebeba tani za mahindi. Dereva alikuwa yule yule kijana aliyepita siku ya msiba akitazama mbele. Alikaa akishika usukani, akatazama mashuka, akamtazama baba mdogo kwenye kioo. Baba mdogo hakufanya ishara yoyote. Kijana akafungua mlango, akashuka, akaja mpaka kwenye kamba akasimama upande wake.

"Hodi, mama."

Mama alikuwa anatafuta vibanio.

"Hodi hapa."

Akabana shuka ncha moja, akabana ya pili.

"Hodi, mama yangu. Shikamoo. Naomba kupita."

Hapo mama akageuka, uso mkunjufu kabisa, kama mtu aliyesikia mgeni sasa hivi.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, mama."

"Haya, ngoja nitoe mashuka, isishike vumbi."

Akayatoa moja moja, akayakunja begani, hakuharakisha. Akaifungua kamba upande wa jiko, akailaza chini. Lori likapita polepole, dereva ameinua mkono kushukuru. Nilipogeuka kumsaidia mama kuifunga kamba tena, niliona lori la pili linatokea nyuma. Dereva wake alikuwa ameshazima injini, anashuka.